Ngazi 52 kwenda kuona watu walivyokuwa wanakatwa miguu: tripu ya shule Old Operating Theatre, London

Jamani wazazi wenzangu mlioko huku Uingereza, na nyie walimu mnaohangaika kila mwaka pa kuwapeleka watoto, ngoja niwaandikie hii kabla sijasahau. Wiki iliyopita nilijitolea kusindikiza darasa la kijana wangu, yupo mwaka wa 10, wanasoma historia ya tiba kwa ajili ya GCSE (mtihani wa sekondari wa huku), wakapelekwa makumbusho moja inaitwa Old Operating Theatre pale London Bridge, yaani thieta ya zamani ya upasuaji, na mle ndani wanapewa kipindi kabisa cha kufundishwa, siyo kuzungukazunguka tu na karatasi ya maswali. Sasa mimi kazi yangu ni nesi wa thieta, miaka 17 hii, 6 Tanga na 11 huku, kwa hiyo nilienda na roho ya kukosoa, nikajisemea hawa watatuletea damu ya rangi na mayowe ya kuigiza, watoto watacheka, tutarudi nyumbani. Nimerudi sina pa kuanzia kuhadithia.

Nyota nimetoa 4. Ya 5 nitawaambia imeenda wapi.

Tulitoka Barking na treni ya District mpaka Monument, halafu tukavuka daraja kwa miguu, watoto 28, walimu 2, mimi na mama mmoja wa Kisomali ambaye alikuwa na biskuti kwenye mkoba kama vile anahama nyumba (mtaona baadaye biskuti zilivyotuokoa). Mahali penyewe ni St Thomas Street, kanisa la matofali limekaa karibu kabisa na lile jengo refu la vioo la Shard, watu wote shingo juu wanapiga picha Shard na kanisa hawalioni. Mimi mwenyewe nimepita hiyo njia sijui mara ngapi nikienda stesheni, sikuwahi kujua kwamba darini kwa kanisa kuna thieta. Ndiyo, darini. Juu ya dari ya kanisa, kule ambako nyumbani tungeweka magunia na popo.

Unapanda kwa ngazi za kuzunguka, 52, nyembamba, mnapanda mmoja mmoja kama mnapanda mnazi. Watoto walipanda kama mbuzi wa mlimani, mimi kwenye ya 30 nilisimama nikajifanya nawasubiri wa nyuma. Kama una mtoto mwenye shida ya kutembea, au wewe mwenyewe magoti ndiyo yameanza kulia, wasiliana nao kabla mjue mtafanyaje, usije ukafika pale chini na darasa zima ndiyo unaanza kuulizia lifti.

Ukifika juu kitu cha kwanza ni harufu. Mbao za zamani na majani makavu. Aisee nilirudi Tanga palepale, soko la Mgandini, wale wamama wanaouza viungo na mizizi kwenye vifungu vya magazeti. Hiyo sehemu ilikuwa stoo ya mtaalamu wa dawa wa hospitali, kanisa lenyewe limejengwa upya 1703 na lilikuwa ni la hospitali ya St Thomas' ya enzi hizo, sasa darini kukavu hakuna panya wengi, ndiyo wakawa wanaanika na kuhifadhi majani ya dawa. Na hapo nikapata kitu cha kumfundisha kijana wangu kwa Kiswahili. Walipokuja kupagundua tena mahali hapa walikuta mpaka vichwa vya mpopi vilivyokauka, ile mimea ya kutolea afyuni, yaani kasumba. Nikamwambia unajua sisi tunasema mtu ana kasumba, kasumba ya kikoloni sijui kasumba ya nini, basi kasumba yenyewe ni hii, dawa ya kulevya ya kutuliza maumivu, neno limebaki kichwani dawa watu wameisahau. Akaniangalia kama anavyoniangaliaga. Ila baadaye nilimsikia anamweleza rafiki yake, kwa hiyo imeingia.

Vitu vingine vya pale darini sitavieleza vyote, kuna kinu na mchi, kuna vyombo vya kutoa damu, vikombe vya kuumikia, kuna vifaa vya uzazi ambavyo kama una mimba pita haraka, usisimame. Mama wa Kisomali alipoona vile vikombe akasema si hijama hii, nikamwambia ndiyo hiyohiyo, na bibi yangu alikuwa anaumika watu kwa pembe ya ng'ombe, watoto wawili watatu wakageuka kutusikiliza sisi badala ya kibao. Nilijisikia mtaalamu kidogo.

Sasa thieta yenyewe.

Unaingia chumba kina dirisha kubwa sana juu ya paa, maana taa za umeme hakuna, mwanga ni wa jua, na jua la London mnalijua. Katikati meza ya mbao, fupi, ya kawaida tu, ungeiona kwa fundi seremala usingegeuka. Kuzunguka kuna ngazi za mbao za kusimamia zimepinda kama kwato ya farasi, moja juu ya nyingine, hapo ndipo walikuwa wanasimama wanafunzi wa udaktari. Walijenga hii 1822 kwa ajili ya wanawake. Kwa nini darini kwa kanisa? Kwa sababu wodi ya upasuaji ya wanawake ilikuwa jengo la jirani, imepakana na dari hilo, usawa mmoja. Kabla ya hapo wanawake walikuwa wanapasuliwa hukohuko wodini, na wenzao wapo kitandani wanasikia kila kitu wakijua zamu yao inakuja. Fikiria hiyo.

Dada aliyefundisha (jina sitaji, sikumuomba ruhusa) hakuanza na kisu. Hapo ndipo aliponikamata. Aliwapandisha watoto wote kwenye zile ngazi za mbao, akawaambia wabanane, bado banana, watu wa nyuma wasukume kidogo wa mbele, taratibu. Akasema daktari mmoja wa hospitali hiyo, John Flint South, alisimulia kwamba wanafunzi walikuwa wanashonana kama samaki kwenye pipa, na wa nyuma wanawapigia kelele wale waliosimama karibu na meza, vichwa! vichwa! yaani toeni vichwa vyenu tunataka kuona. Basi watoto wakaambiwa na wao wapige kelele. Mnajua watoto wa miaka 15 ukiwapa ruhusa ya kupiga kelele. Kanisa zima likatikisika, heads, heads, wanacheka, wanasukumana, raha tupu.

Halafu akaomba mtu wa kulala mezani.

Akajitokeza msichana mmoja mpole, yule ambaye njia nzima alikuwa amevaa hedifoni. Dada wa makumbusho akamuuliza kwa sauti ya chini uko tayari kweli, ukitaka kuamka unaamka muda wowote, huhitaji kuniambia sababu. Akalala. Mwalimu wetu akaambiwa ashike bega moja, mvulana mmoja mkubwa ashike mguu. Halafu dada akarudi nyuma, akanyamaza, akawaacha wale wengine wote kwenye ngazi wanamwangalia mwenzao chini pale. Ile kelele ikafa yenyewe. Hakuna aliyewaambia nyamazeni. Nadhani kila mtoto alishtukia kwa wakati wake kwamba dakika 2 zilizopita alikuwa anapiga kelele ya kutaka kuona vizuri.

Mimi nimeona wanafunzi wengi wa udaktari wakiingia thieta mara ya kwanza, na ile sura niliijua, mtu anapogundua kwamba aliyelala pale ni mtu.

Baada ya hapo ndiyo akaelezea upasuaji, na akaelezea vizuri, nimesikiliza kwa masikio ya kazi sikupata pa kumsahihisha. Kwanza mkanda wa skrubu unabana paja kuzuia damu. Kisu kirefu, anazungusha nyama, wasaidizi wanavuta ngozi na misuli kwenda juu, halafu msumeno kwenye mfupa, halafu mishipa inashikwa mmoja mmoja inafungwa na uzi. Chini ya meza kuna boksi la vumbi la mbao, na daktari alikuwa analisogeza kwa mguu, analipiga teke kidogo kulipeleka pale damu inapodondoka zaidi. Hilo boksi watoto walilipenda kuliko kisu, sijui kwa nini. Na sakafu yenyewe ina vumbi la mbao katikati ya tabaka mbili, kusudi damu isipenye ikachafua dari ya kanisa kule chini. Waumini wanaimba chini, juu mambo hayo.

Daktari hodari alikuwa anamaliza kukata kwa dakika moja hivi au chini yake. Watoto wakasema waa, fasta. Dada akawaambia sawa, fumbeni macho, mikono magotini, tutakaa kimya dakika moja, na nyie fikirieni kwamba hiyo dakika ni yenu. Jamani dakika moja ni ndefu. Mimi nilifumba pia. Nilisikia treni inapita, nikasikia mtu anameza mate. Alivyosema fumbueni, mvulana mmoja amekuwa mweupe kama karatasi, na ni mtoto mweusi wa Kighana, kwa hiyo mjue hali ilivyokuwa, tukamkalisha, kichwa chini katikati ya magoti, mama wa Kisomali akatoa biskuti, baada ya dakika 5 anatabasamu. Dada wa makumbusho hakupaniki hata kidogo, alimuuliza jina lake akaendelea kumsemesha huku darasa likipewa swali la kujadili, ili asionekane kituko. Wazazi, wapeni watoto chai nzito asubuhi. Nasema hili kwa mapenzi. Watoto wa siku hizi wanatoka nyumbani na maji ya chupa.

Na nusu kaputi je? Hilo nalo nilimwambia kijana wangu, huku wanasema kwa majina ya Kigiriki sisi tunasema nusu kaputi, Mjerumani alituachia hilo neno, kaputi ni kuisha kabisa, kwa hiyo mgonjwa anauliwa nusu. Thieta hii ilifanya kazi kuanzia 1822, na dawa ya kulaza mgonjwa, etha, ilionyeshwa hadharani Boston Oktoba 1846, ikafika London Desemba hiyohiyo, Robert Liston akamkatia mtu mguu akiwa amelala pale hospitali ya University College. Piga hesabu, miaka 24 nzima wanawake wa St Thomas' walikatwa macho yakiwa wazi, au yamefungwa kitambaa, na pombe kidogo na hiyo kasumba. Nani walikuwa? Maskini. Tajiri alikuwa anapasuliwa nyumbani kwake, kwenye meza yake mwenyewe. Maskini walivumilia kuangaliwa na kundi la vijana kwa sababu ndiyo njia pekee ya kupata daktari mkubwa bila hela.

(Hapa niseme kitu pembeni, kuna ile stori ya mtandaoni kwamba huyo Liston alifanya upasuaji mmoja akaua watu watatu, mgonjwa, msaidizi wake na mtazamaji aliyekufa kwa mshtuko. Tamu kweli, lakini hakuna ushahidi wa wakati ule. Ukiona mwongozaji yeyote anaianza kama habari ya kweli, kaza uso.)

Sasa sehemu ambayo mimi kama mzazi wa mtoto wa mtihani niliona thamani yake. Hawa watoto wamekaririshwa kama kasuku, Lister (yule daktari wa upasuaji aliyeanza kuua vijidudu vya kidonda kwa dawa), asidi ya kaboliki, 1867, wadudu wanakufa, alama 4. Dada akauliza, eti, Lister na dawa yake walibadilisha nini humu ndani? Mikono juu kibao. Alipunguza vifo! Walianza kusafisha visu! Walianza kunawa! Akawaacha wamalize. Halafu akasema, thieta hii ilifungwa mwaka gani, angalieni karatasi zenu. 1862. Kimya. Lister amejaribu kaboliki mara ya kwanza Glasgow Agosti 1865, kwa mtoto wa miaka 11 aliyevunjika mguu, akaandika kwenye jarida 1867. Humu hakufika kabisa. Chumba hiki kiliishi miaka yake yote 40 bila mtu kujua kwamba mdudu asiyeonekana ndiye anaua. Daktari alikuwa anavaa koti la zamani limekauka damu za wagonjwa waliopita, na hilo koti ndiyo lilikuwa sifa, ukiliona unajua huyu ana uzoefu. Mikono inanawiwa, ndiyo, ila baada ya kazi.

Kijana wangu ambaye huwa hakubali kukosea alikuwa mmoja wa walionyosha mikono. Njiani ananiambia mama ile ilikuwa mtego. Nikamwambia ndiyo, na hutasahau tena mpaka uzeeni.

Na mimi hapo ndipo nilipotamani kusema neno, nikanyamaza kwa sababu nimekuja kusindikiza siyo kufundisha, ila mwalimu akanisaliti akasema jamani mama wa fulani ni nesi wa thieta. Basi maswali. Nikawaambia siku hizi kabla hatujagusa mtu tunasimama wote tunasoma kwa sauti, jina la mgonjwa, anafanyiwa nini, upande gani, ana aleji gani, ni orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, imetoka 2008, vipengele 19, na kwangu nimeisoma mara nyingi mpaka naota. Na kwamba kabla ya kufunga tumbo mimi nahesabu kila kitambaa na kila sindano, na isipotimia hata profesa hafungi. Mtoto mmoja akauliza imewahi kutokutimia? Nikasema ndiyo. Akauliza ikawaje? Nikasema tukatafuta mpaka tukaipata, ilikuwa imeganda chini ya kiatu cha mtu. Wakacheka. Wakati huo ilikuwa si ya kucheka.

Kwenye ukuta wa thieta kuna maneno ya Kilatini, Miseratione non mercede, maana yake kwa huruma, siyo kwa ujira. Nilipiga picha nikawatumia wenzangu wa kazini kwenye grupu. Majibu yao siwezi kuandika hapa.

Halafu kuna habari ya Florence Nightingale, yule mama wa unesi wa kisasa, ambayo kwangu ilikuwa kama kwenda kuhiji. Sisi tuliosomea unesi nyumbani tunamjua, siku ya kuhitimu mnawasha mishumaa mnakula kiapo chenye jina lake, tarehe 12 Mei kila mwaka maandamano na sare nyeupe. Kumbe shule yake ya manesi ilianza 1860 hospitali hiyohiyo ya St Thomas', ikiwa bado hapohapo London Bridge, miaka 2 kabla haijahamishwa. Reli ilitaka kupita, ile ya kwenda Charing Cross, hospitali ikauza kiwanja, na Nightingale mwenyewe alikuwa upande wa wale waliosema uzeni, mhamie penye hewa nzuri. Wakaondoka 1862, na thieta ya darini wakaiziba wakaiacha. Imekaa gizani karibu miaka 100, chini watu wanasali juu kuna meza ya upasuaji. 1956 bwana mmoja, Raymond Russell, alikuwa anatafiti historia ya hospitali, akapanda kwa ngazi akaingia kwenye tundu la dari, akaikuta. 1962 wakafungua kwa watu. Wenyewe wanasema ndiyo thieta ya upasuaji kongwe kuliko zote zilizobaki Ulaya. Nilivyosikia hivyo nikawaza lile jengo la Mjerumani pale hospitali ya Bombo, Tanga, linaitwa Cliff Block, limeangalia bahari, watoto wa Tanga wangapi wamewahi kupandishwa ngazi zake na mtu wa kuwaeleza nani alitibiwa mle na nani hakuruhusiwa kuingia.

Sisi tripu zetu za shule mnazikumbuka lakini. Tulipelekwa Bagamoyo na Kaole, basi limejaa, tunaimba, tukifika mwongozaji anasema hili ni kaburi, hili ni kaburi, hili nalo ni kaburi, tunakula wali, tunarudi. Sikumbuki hata tarehe moja. Ila wali nakumbuka.

Kwenye treni ya kurudi ndiyo nikafanya ile niliyokuwa naiwaza tangu kwenye ngazi. Mtaala wao unaitwa tiba ya Uingereza, kwa hiyo siwezi kulalamika kwamba Afrika haimo, jina limeshasema. Lakini mtoto anamaliza siku anadhani dunia nzima ilikuwa inasubiri Glasgow na Boston. Nikawaambia wale waliokaa karibu, sikilizeni, mwaka 1879 mmisionari Mwingereza wa mambo ya tiba anaitwa Robert Felkin alikuwa Bunyoro, Uganda, mahali panaitwa Kahura, akashuhudia mwanamke mwenye umri wa kama miaka 20 anapasuliwa tumbo kutolewa mtoto. Mganga alimpa pombe ya ndizi akalewa nusu, yaani nusu kaputi yenyewe hiyo, akanawa mikono kwa pombe ya ndizi, akaosha tumbo kwa pombe ya ndizi. Sikilizeni hapo. Alinawa kabla. Akapasua mara moja, wasaidizi wanachoma mishipa kwa chuma cha moto kuzuia damu, mtoto akatoka, akafunga jeraha kwa pini za chuma na uzi wa magome, akapaka dawa ya mizizi iliyotafunwa, na siku ya 11 jeraha limepona. Felkin akachora, akachapisha Edinburgh 1884. Mama na mtoto wote walikuwa hai alipoondoka.

Wakanyamaza. Halafu yule msichana wa hedifoni, yule aliyelala mezani, akauliza kwa nini hii haipo kwenye kitabu. Nikamwambia muulize mwalimu wako, yupo pale. Na akaenda kumuuliza kweli, akainuka kwenye treni inatembea, akashika nguzo. Mwalimu akaniangalia, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Sasa vitu vya kujua kabla hujabuku. Mapema, mapema sana, kwa sababu nafasi ya chumba ni ndogo na shule ni nyingi, na msimu wa GCSE kila mtu anataka. Kosa letu sisi, nalisema kwa shule yetu bila kuitaja, tulijibana muda, kipindi kilipoisha watoto walikuwa ndiyo wanaanza kuchunguza majani na vile vifaa vya darini na sisi tunawafukuza treni treni. Weka saa moja ya ziada. Mwalimu awe amefundisha Lister na etha kabla ya kuja, la sivyo ule mtego hauna maana, na awe ameongea na watoto wenye misiba ya karibuni au waliofanyiwa upasuaji wenyewe, kwetu alikuwepo mmoja na aliombwa kimyakimya akae karibu na mlango. Mabegi makubwa yaacheni shule, zile ngazi hazina huruma. Chakula bebeni. Sisi watu wazima tulijitia kununua sandwichi kwenye kaduka kamoja kule upande wa soko, jina nakahifadhi, nikalipa hela ya kuku mzima nikapewa kuku wa kudhania. Watoto walikula vya kwao kando ya mto wakituangalia.

Watoto wadogo wa praimari binafsi nisingewapeleka kwenye kipindi hiki cha upasuaji, ila nimeona kuna vipindi vya rika mbalimbali kwa hiyo uliza. Wale wa kaskazini ambao London ni mbali, kuna makumbusho ya tiba ya Thackray pale Leeds, kwenye jengo la zamani la kuwaweka maskini, sijaenda ila kijana wangu anasema darasa lingine linaenda huko na ameshaanza wivu. Na mkiwa na siku nzima, hospitali ya St Thomas' ya sasa ipo ng'ambo ya Bunge kule Westminster, kuna makumbusho ya Nightingale, na bustanini kuna sanamu ya Mary Seacole, nesi mweusi wa Jamaika wa enzi za Nightingale, tangu 2016, wapigieni picha mabinti zenu pale.

Nyota ya 5 sasa. Nimeizuia mimi mwenyewe, kwa niaba ya goti langu la kulia, ambalo siku 2 baadaye lilikuwa bado linazikumbuka zile ngazi 52, za kushukia ndiyo mbaya kuliko za kupandia. Mwezi wa 8 dada yangu anakuja kutoka Tanga, yeye ni mkunga, nimeshamwambia kabla ya Big Ben kabla ya duka lolote nitampeleka darini kwanza akaone vile vifaa vya uzazi, kasema sawa ila yeye ana uzito, nitamsukuma kwa nyuma.